Kuwa joka kwenye gemu: jinsi ya kumaliza Spyro ya kwanza hadi asilimia 120

Gemu zenye majoka ni nyingi, ila nyingi zinakupa kazi moja kati ya mbili: kuliua joka au kulipanda. Skyrim ya 2011 inakuambia una roho ya joka, lakini mwili ni wa mtu na mkononi umeshika upanga. Panzer Dragoon ya 1995 inakukalisha mgongoni mwa joka kama mtu aliyepanda punda. Divinity II ya 2009 inakuruhusu kugeuka joka, ila baada ya saa nyingi za kutembea kwa miguu miwili. Anayetaka kuwa joka tangu anashika pedi hadi anaiweka chini, mimi humwelekeza kwa yule mdogo wa zambarau, Spyro.

Mchezo wa kwanza, Spyro the Dragon, ulitengenezwa na Insomniac Games na ukatoka Septemba 1998 kwa PlayStation ya kwanza. Mwanzoni Spyro alikuwa awe wa kijani, wakaona anapotelea kwenye majani, ndipo akapakwa zambarau. Mwaka 2018 kampuni ya Toys for Bob iliutengeneza upya pamoja na ndugu zake wawili, kwa jina la Spyro Reignited Trilogy. Mwongozo huu ni wa mchezo wa kwanza ndani ya kifurushi hicho, na lengo ni kuumaliza wote, ndiyo ile asilimia 120: majoka 80 ya kukomboa, mayai 12, vito 14,000.

Wengi wetu tukisikia "joka" tunaona nyoka mkubwa asiye na miguu wala mabawa. Huyu ana miguu minne, pembe mbili na mabawa, na mabawa hayo ndiyo yanayowadanganya wanaoanza. Wanadhani anapaa. Spyro hapai, anaelea. Kosa karibu kila moja nililoona watu wakilifanya kwenye mchezo huu, pamoja na yangu mwenyewe, lilianzia hapo.

Hatua ya 1: Pata toleo linalokufaa

Reignited ilitoka Novemba 2018 kwa PS4 na Xbox One, kisha Septemba 2019 ikaja ya kompyuta na ya Nintendo Switch. Mwenye PS5 anaicheza ile ya PS4 bila shida.

Kama unanunua diski iliyotumika, sikiliza hapa. Mimi nilinunua yangu kwa mtu, nikarudi nyumbani na furaha zangu, nikaiweka, na mashine ikaanza kuomba kupakua. Diski ya PS4 haina michezo yote mitatu kamili: wa pili na wa tatu unavutwa kwenye intaneti, na ni mzigo mkubwa. Kama unategemea bando la simu, tafuta mahali penye waifai ya maana kabla hujaanza, au ridhika na mchezo wa kwanza kwa muda. Mwongozo huu unahusu huo huo, kwa hiyo hutapungukiwa kitu.

Hatua ya 2: Rekebisha mipangilio

Washa maandishi ya chini ya skrini. Gemu ilipotoka hayakuwepo, wachezaji wakalalamika, yakaongezwa kwenye sasisho la mwaka uliofuata. Majoka unayoyakomboa yanaongea Kiingereza haraka haraka, kila moja kwa lafudhi yake, na baadhi yanatoa maelekezo yenye maana. Ukiyasoma ni rahisi kuliko kuyakimbiza kwa sikio.

Kwenye menyu utakuta pia chaguo la muziki, mpya au wa zamani. Muziki wa 1998 ulitungwa na Stewart Copeland, mpiga ngoma wa bendi ya The Police, na ukiusikiliza utajua mara moja kwamba aliyeutunga ni mtu wa ngoma. Mimi nausikiliza wa zamani. Hapa hakuna sahihi wala kosa.

Hatua ya 3: Jifunze kuelea kabla ya kupigana

Unaanzia dunia ya Artisans, bonde la majani na kondoo. Mbele yako kuna sanamu ya kioo cha kijani. Iguse, joka liitwalo Nestor litatoka, na hilo ni la kwanza kati ya 80. Sasa usiende popote. Baki hapo bondeni dakika kumi na ufanye mazoezi.

Natumia majina ya vitufe vya PlayStation. X ni kuruka. X tena ukiwa hewani, mabawa yanafunguka na unaelea. Angalia kwa makini: ukishaanza kuelea unashuka tu. Hupandi hata kidogo, hata ubonyeze nini. Kwa hiyo urefu wa safari yako unaamuliwa na mambo mawili, kimo ulichoanzia na lini umefungua mabawa.

Jambo la pili ndilo watu hukosea. Mtu anabonyeza X mara mbili haraka haraka, tap-tap, mabawa yanafunguka akiwa bado karibu na ardhi, na kile kimo ambacho mruko ungempa kinapotea bure. Fanya hivi: bonyeza X, subiri Spyro afike kileleni mwa mruko wake, pale anapokaribia kuanza kushuka, ndipo ubonyeze tena. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ukiwa unavuka korongo ndiyo inayokufikisha ng'ambo.

Pembetatu ukiwa unaelea inakunja mabawa na kukudondosha. Utaihitaji pale unapopita juu ya kijukwaa kidogo na unaona utakipitiliza. Watoto wanaisahau, wanazunguka zunguka hewani mpaka wanaangukia shimoni.

Kisha zoea tabia hii, ambayo kwangu ndiyo mchezo mzima: ukiingia mahali popote, kabla ya kukusanya chochote, tafuta sehemu iliyo juu kuliko zote na uulize inafikiwaje. Ukifika juu, geuza kamera mzunguko mzima. Utaona vijukwaa ambavyo ukiwa chini ulidhani ni mapambo. Hazina zinazowasumbua watu mpaka wanakata tamaa karibu zote ziko hivyo: zinaonekana kutoka mahali pamoja tu, na mahali hapo ni juu.

Jambo moja la hatari: katika mchezo huu wa kwanza Spyro hajui kuogelea. Anajifunza kwenye wa pili, tena kwa kulipa. Maji yachukulie kama kaa la moto.

Hatua ya 4: Moto au pembe

Duara ni kutema moto. Mraba, ukiushikilia, ni kuchanja mbio na kupiga pembe. Kanuni ni fupi: aliyevaa chuma haungui, mpige pembe. Aliye mkubwa kukuzidi hapigiki pembe, mchome. Ukikutana na mkubwa aliyevaa chuma, kuna kitu karibu hapo cha kukusaidia, na baadaye kwenye steji ya High Caves utakuta wasichana wadogo wenye mabawa ambao wakikubusu moto wako unakuwa mkali wa kuyeyusha hata buibui wa chuma.

Usimruke adui yeyote kwa uvivu. Hadithi inasema bwana mmoja aitwaye Gnasty Gnorc aliyageuza majoka kuwa kioo na vito kuwa askari. Maana yake kila askari unayemwona ni kito kinachotembea. Ukiacha mmoja nyuma, hesabu yako haitatimia na utarudi kumtafuta usiku wa manane.

Thamani ya vito ni hii: chekundu 1, kijani 2, zambarau 5 (wengine wanakiona cha bluu), cha dhahabu 10, cha waridi 25.

Hatua ya 5: Mtunze Sparx

Yule mdudu anayeng'aa begani kwako ni kereng'ende, anaitwa Sparx, na ndiye afya yako. Akiwa wa dhahabu uko mzima. Ukipigwa mara moja anakuwa bluu, mara ya pili kijani, mara ya tatu anatoweka, na pigo linalofuata ni kifo. Kumrudisha, chinja kondoo au kiumbe chochote kidogo kisicho na madhara kilicho karibu. Kipepeo atatoka, Sparx atamla.

Ushauri wa bahili: usimalize kondoo wote ukiwa mzima. Waache wawili watatu karibu na mahali pagumu.

Sparx ana kazi nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Bonyeza fimbo ya kushoto ya pedi iingie ndani, naye atakuonyesha upande kilipo kito cha karibu. Mpwa wangu aliniona nikifanya hivyo akasema ni wizi. Sawa, basi mimi mwizi. Aliyekaa saa nzima akitafuta kito kimoja chekundu cha thamani ya 1 hawezi kuniambia kitu.

Hatua ya 6: Safisha steji moja kwa ukamilifu

Ingia lango la Stone Hill. Kitabu cha mwongozo, kilichomo kwenye menyu ya kusimamisha mchezo, kitakuonyesha unachodaiwa: vito 200, majoka 4, yai 1.

Chini kuna wachungaji na kondoo dume wenye hasira. Wamalize, kusanya kinachoonekana, lakini usijisumbue na pembe pembe bado. Tafuta njia ya kupanda mpaka ukingo wa kilima unaozunguka steji nzima. Wageni wengi hawajui kwamba ukingo ule unakanyagika, wanaudhania ni ukuta wa mwisho wa dunia. Ukiwa huko juu, utasikia kicheko cha dharau. Huyo ni mwizi wa yai, hatua inayofuata ni yake.

Ukishamaliza naye, zunguka ukingo wote ukichungulia chini kila upande, kisha elea kwenda kila unachokiona kinang'aa. Kila joka unalolikomboa njiani linakuwa pia kituo: ukifa, unarudia hapo, hurudi mwanzo.

Usitoke kabla hesabu haijatimia. Najua watu wanaopenda kupita kwanza na kurudi baadaye. Ukirudi baada ya wiki, umesahau ulipita wapi na ulibakiza wapi, unaanza kuzunguka upya kama aliyepoteza ufunguo sokoni.

Hatua ya 7: Mkamate mwizi bila kumkimbiza

Wezi wa mayai wamevaa majoho, wana kasi karibu sawa na yako unapochanja mbio, na ukiwafuata kwa nyuma wanakuchosha na kukucheka. Lakini wanazunguka njia ile ile kila mara. Simama, mwangalie mzunguko mmoja au miwili, halafu mkatie kona au msubiri mbele na moto. Ukilazimika kumfuata, kaa upande wa ndani wa kona, maana Spyro akichanja mbio anageuka kwa mduara mpana.

Mayai ni 12 tu mchezo mzima, na usiyachukulie kama mapambo, kwa sababu utadaiwa.

Hatua ya 8: Lipa nauli ya puto

Kutoka dunia moja kwenda nyingine unasafiri kwa puto, na mwenye puto ana masharti. Wa Artisans anataka uwe umekomboa majoka 10. Wa Peace Keepers anataka vito 1,200. Wa Magic Crafters anataka mayai 5, na hapo ndipo waliowapuuza wezi hukwama. Mbele kuna Beast Makers, Dream Weavers, halafu dunia ya Gnasty mwenyewe. Ukiwa unasafisha kila steji kama nilivyosema, masharti haya hutayaona hata, utapita tu.

Mabosi, yaani maadui wakubwa wa kila dunia, si wagumu. Wa kwanza, Toasty, anaonekana kama kinyago cha shambani chenye panga refu la kufyekea, ukimchoma nguo mpaka ziishe unakuta chini ya yote ni kondoo aliyesimama kwenye miguu ya mti. Wengine nao ni wa kuchekesha zaidi kuliko kutisha.

Dark Passage ya Dream Weavers inahitaji neno moja. Kuna viumbe wadogo ambao taa ikizimwa wanakuwa majitu. Usipambane nao gizani. Subiri taa iwake, ndipo uwaingilie.

Hatua ya 9: Steji za kupaa

Hapa sheria inageuka. Dunia tano za kwanza kila moja ina steji moja ya mashindano, kuanzia Sunny Flight, ambamo Spyro anapaa kweli, anapanda na kushuka atakavyo, lakini saa inamkimbiza. Kuna aina 4 za shabaha, 8 kila aina. Kila shabaha unayoipata inakuongezea muda kidogo. Kila aina ukiimaliza inalipa, na kuzimaliza zote 32 kwa safari moja kunalipa ziada, jumla vito 300.

Mara ya kwanza usijaribu kushinda. Paa ukiangalia tu kila aina imekaa wapi. Mara ya pili chagua aina moja uimalize, mara ya tatu nyingine. Zile zisizosogea zifuate kwa mstari kama shanga. Vinavyotembea, kwa mfano ndege ndogo, vinafuata mzunguko, kwa hiyo uzifikie kwa mbele. Ukikosa shabaha moja usigeuke kuirudia, muda unaoupoteza kwenye kugeuka ni mkubwa kuliko faida. Anza upya. Kuanza upya ni bure.

Hatua ya 10: Tree Tops

Hii ndiyo steji iliyowafanya watu wazima kuzima televisheni. Iko Beast Makers, majukwaa ya miti yaliyotawanyika juu ya bonde, na baadhi yake yako mbali kiasi kwamba hakuna kuelea kunakofika.

Siri ni zile njia za mteremko zenye mishale. Ukizishuka huku umeshikilia Mraba, Spyro anapata kasi isiyo ya kawaida, na ukiruka mwishoni anavuka umbali mkubwa mno. Umeshajifunza hilo Magic Crafters. Kinachofichwa Tree Tops ni kwamba ile kasi haiishi ukitua, mradi hujaachia Mraba wala kugonga kitu. Kwa hiyo unaweza kushuka mteremko wa kwanza, kuruka, kutua, kukata kona ukiwa bado na kasi, kuingia mteremko wa pili na kuruka tena kutoka kimo ambacho huwezi kukifikia kwa njia nyingine.

Tembea njia nzima kwanza polepole, bila kasi, uone kila kona unapindia wapi. Kisha jaribu kwa kasi. Utaanguka. Mimi sikuhesabu nilianguka mara ngapi, ila chai ilipoa mara mbili. Kona ianze kukatwa kabla hujatua, ukiwa hewani, hilo ndilo lililonitoa.

Hatua ya 11: Gnasty, halafu kile chumba

Pambano la Gnasty Gnorc ni mbio kuliko vita. Kuna wezi wawili wenye funguo, wakamate kwanza, milango ifunguke. Kisha unamfukuza yeye na kumchoma, anakimbia tena, na safari hii anapita juu ya vijukwaa vinavyorudi ukutani huku chini kuna moto wa volkeno. Usisimame hata kwenye kijukwaa kimoja kufikiria. Mfikie, mchome, majina ya watengenezaji yanapita.

Wengi huishia hapo. Rudi ndani. Katika dunia ya Gnasty kuna mlango mmoja uliokuwa umefungwa muda wote, na unafunguka kwa aliyetimiza majoka 80, mayai 12 na vito 12,000. Kama hesabu yako inasoma 11,999, fungua kitabu cha mwongozo, tafuta steji iliyopungua, nenda juu kabisa, bonyeza ile fimbo ya kushoto.

Nyuma ya mlango ni Gnasty's Loot, vito 2,000 vya mwisho. Umecheza mchezo mzima ukipima kimo, ukihesabu kama mabawa yatakufikisha, ukidondoka kwa tofauti ya kidole. Ingia, ruka, bonyeza X tena kama ulivyozoea, halafu uelekeze kichwa juu. Safari hii anapanda, na hakuna saa inayokimbia.